Namna ya Kuipiga Chenga Baridi Yabisi

Sogea karibu, haya si ya kusemea barazani. Viungo vinakuuma na hutaki watu wajue. Sawa. Sikuja kukuhubiria unyenyekevu. Fahari yako iache palepale ilipo, maana tutaihitaji.

Waliokaa majukwaa ya Mkwakwani enzi za Coastal Union ile iliyochukua ubingwa wa nchi mwaka 1988 wanalijua somo hili: beki mwenye kifua kipana hasukumwi, hupigwa chenga. Baridi yabisi ni beki wa namna hiyo. Ukishindana nayo kwa nguvu, ukabeba ndoo ileile ya zamani na kuchapa mguu barabara zote za Ngamiani ili fulani asiseme umezeeka, itakulaza siku tatu. Sisi wa Tanga tuna msemo juu ya wageni wetu: waja leo waondoka leo. Mgeni huyu hajausikia. Amekuja na mizigo yake na ameulizia chumba.

Basi tuishi naye kwa ujanja. Katika hatua zifuatazo utampiga chenga jirani, wifi, mkeka, ndoo, hata moyo wako mwenyewe. Kuna mtu mmoja tu ambaye hutampiga chenga. Tutamfikia.

1. Mjue beki wako

Kwetu pwani kila kiungo kinachouma ni baridi yabisi, na lawama huenda kwa upepo wa kusi au kuoga usiku. Uache upepo. Maradhi ya viungo yapo zaidi ya 100. Wewe jua manne.

La kwanza ni kusagika kwa viungo, hasa magoti: huuma baada ya kazi, na asubuhi hukaza dakika chache tu. La pili ni baridi yabisi yenyewe, ambapo kinga ya mwili hugeuka na kushambulia utando wa viungo. Hiyo hupenda vidole na vifundo vya mikono, kulia na kushoto kwa pamoja, na asubuhi hukukaza nusu saa, saa nzima au zaidi. Haingoji uzee, na huwapata wanawake mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume. La tatu ni jongo: kidole gumba cha mguu kinawaka usiku wa manane hata shuka likikigusa unalia. La nne ni masalio ya Chikungunya, homa ya mbu iliyotambuliwa kwa mara ya kwanza nchini mwetu, kwenye uwanda wa Wamakonde, mwaka 1952 na 1953. Jina lake la Kimakonde lamaanisha kujikunja. Homa huisha, viungo vikaendelea kuuma kwa miezi.

Kila beki na chenga yake. Dawa ya jongo ya shemeji haina kazi kwenye vidole vyako. Na atakayekuambia kwamba ni uvivu, mtajie Christiaan Barnard, daktari aliyefanya upandikizaji wa kwanza wa moyo kutoka binadamu hadi binadamu, Cape Town, mwaka 1967. Wakati ule tayari alikuwa na baridi yabisi, na ndiyo iliyomfanya aweke kisu chini mwaka 1983. Uvivu hauhamishi mioyo.

2. Pima kwa adhana

Ugonjwa huu hupimwa kwa saa, na saa umewekewa bure. Ukiamka kwa adhana ya alfajiri, jaribu kufunga ngumi. Kisha endelea na mambo yako, ujaribu tena na tena mpaka ifunge.

Imefunga kabla chai haijachemka? Kumbuka hivyo. Wauza vitumbua wamemaliza beseni zima na wewe bado hushiki kikombe? Andika. Chukua kalenda ile ya ukutani uliyopewa dukani, na kila siku andika namba moja tu: dakika 20, dakika 90, kadiri ilivyokuwa. Fanya hivyo siku 7. Usiandike kingine, malalamiko yanachosha mwandishi na msomaji. Karatasi hiyo utaiona thamani yake tukifika hatua ya 11.

3. Jipambe kwa bakora

Unaionea haya fimbo ya mgonjwa. Ninakuelewa. Basi usinunue fimbo ya mgonjwa, nunua bakora. Bakora huku pwani ni pambo la bwana harusi, na khatibu huishika siku ya Ijumaa akiwa kwenye mimbari. Atakayekuona nayo atadhani umepata cheo.

Chagua iliyonyooka, ya mti mgumu. Simama wima, mkono uning'inie. Mshikio wa bakora ufike usawa wa kifundo cha mkono. Ichongeshe ikiwa ndefu, na chini uiveshe kipande cha mpira isiteleze kwenye sakafu yenye maji. Kisha ishike kwa mkono ulio upande wa pili wa goti bovu. Goti la kulia likiuma, bakora iwe kushoto. Wengi huishika upande uleule wa maumivu, wakapata pambo bila msaada.

4. Jikoni, shindwa kwa heshima

Ianze mbuzi ya kukunia nazi. Inakukalisha chini, inakukunja magoti, halafu inakuzungusha kifundo cha mkono mara mia mbili kwa ajili ya tui la chungu kimoja. Achana nayo leo. Ila usiseme umeshindwa. Mwite mkwe au mjukuu, umwambie kwa sauti ya chini: "Mwanangu, nataka uujue mkono wangu wa nazi kabla sijaondoka duniani." Atakuna kwa miaka, na atajisifu kwamba alichaguliwa. Wewe kaa kwenye kiti, onja, agiza chumvi. Na pakikosekana mtu, siku hizi nazi hukunwa kwa mashine sokoni.

Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji. Igawe kwa vidumu vya lita 5 na uongeze safari. Kikapu usikishike kwa vidole, kipitishe mkononi hadi kwenye kiwiko, kama wafanyavyo mabibi wenye nafasi. Kanga ya kukamua izungushe kwenye bomba, uvute ncha zote mbili kwa mikono yote, badala ya kuinyonga kwa vidole.

Vishikio vyembamba ndivyo vinavyoumiza zaidi, kwa sababu vidole hulazimika kubana. Huu ni mji wa baiskeli. Nenda kwa fundi yeyote, muombe mpira wa ndani uliochakaa. Ukate vipande, uzungushie mshikio wa kisu, mwiko, ufagio na kalamu mpaka unenepe. Mchoraji Renoir wa Ufaransa alipopinda vidole kwa ugonjwa huu alifungwa vitambaa mikononi kulinda ngozi, akapachikwa brashi katikati ya vidole, akachora hadi alipofariki mwaka 1919. Ikiwa Renoir alirekebisha brashi, wewe utashindwaje kurekebisha mwiko?

Sasa la siri zaidi: choo cha kuchuchumaa. Ndicho kinachowafanya wazee wengi wapunguze kula na kunywa maji, ili wasiende mara kwa mara. Usijiadhibu hivyo. Mwagize seremala kiti imara chenye tundu, na ukutani ufunge chuma cha kushika. Watu wakiuliza, sema umewawekea wageni. Wiki haitaisha kabla wenyeji wote wa nyumba hawajahamia kwenye kiti cha wageni.

5. Mkekani na msikitini

Msibani kuna mkeka, na kuketi mkekani ni rahisi. Kuinuka ndiko kunakokuumbua mbele ya watu. Chenga yake hii: wahi kufika, kisha ujitolee kuandika michango. Mwenye daftari hupewa meza na kiti bila kuuliza. Ile kalamu yako iliyonenepeshwa kwa mpira wa baiskeli itafaa hapo, na utaheshimiwa kwa kuaminiwa fedha.

Kwenye daladala, mwambie konda mapema na kwa upole: "Mwanangu, mguu wangu mzito, nishushe taratibu." Sema kabla hujapanda. Ukisema wakati wa kushuka, gari limeshaanza kutembea.

Katika swala, dini imemruhusu asiyeweza kusimama au kusujudu aswali ameketi. Muulize imamu wako akueleze utaratibu, kisha weka kiti mwisho wa safu na utulie. Ijumaa ya kwanza utajiona wewe peke yako. Baada ya wiki chache utakuta viti vitatu. Wapo wenzako waliokuwa wakisubiri mtu wa kutangulia.

Na mfungo wa Ramadhani upange mapema. Nenda kwa daktari mwezi wa Shaabani ukamwulize dawa ipi ihamie daku na ipi ihamie futari, au kama ugonjwa wako umefika pa kupewa ruhusa ya kula. Ruhusa ipo kwa ajili ya wagonjwa, na wewe ni mmoja wao.

6. Yatumie maji yaliyo bure

Kiungo kinacholala sana hukaza, na misuli inayokishikilia hunyauka. Kiungo kinachochapwa kazi huvimba. Njia ya katikati wewe unayo, ipo mwisho wa barabara ya Raskazone: bahari. Maji yakikufika kifuani hukubebea sehemu kubwa ya uzito, na goti lililogoma kwenye ngazi linatembea kama la kijana. Jumuikeni watu wanne watano, nendeni mapema maji yakiwa yamejaa, mama na dera lake, tembeeni tu ndani ya maji huku mkisengenya. Nusu saa itapita kabla hamjamaliza mtaa mmoja.

Asiyependa chumvi apande baiskeli. Mji wetu ni tambarare na kiti cha baiskeli hukubeba. Kipandishe mpaka mguu wa chini ukaribie kunyooka. Kiti kifupi hukunja goti na kulichosha.

Nako Amboni kuna chemchemi za maji moto ya salfa ziitwazo Galanos, kwa jina la mlowezi Mgiriki wa mkonge. Watu wamekuwa wakienda huko na magoti yao tangu zamani. Nenda nawe, ufurahi. Joto hulegeza misuli na kutuliza maumivu, na hiyo ni faida ya kweli. Haliuzimi ugonjwa wenyewe, kwa hiyo vidonge usiviage kwenye chemchemi. Na kiungo kilichovimba kikawaka moto siku hiyo kipe kitambaa cha maji baridi badala ya joto.

7. Diklofenaki: rafiki wa siku ya harusi

Dawa hii inapatikana kila kona, ndiyo maana watu huidharau. Ina ndugu: ibuprofeni, indomethasini, meloksikamu. Ni ukoo mmoja. Ukimeza wawili wa ukoo mmoja kwa pamoja, nafuu haizidi ila madhara huzidi. Na sindano ya diklofenaki ni dawa ileile kwa mlango mwingine. Vidonda vya tumbo huja kupitia damu, hata kidonge kisipopita tumboni.

Imeze baada ya chakula, na chai kavu haihesabiki. Jua pia kwamba kushiba kunapunguza kichefuchefu lakini hakuzuii vidonda. Kama uliwahi kuwa navyo, au una presha, au figo zako zimewahi kutajwa, sema kabla hujaandikiwa. Ukiona choo cheusi kama lami, acha dawa na uende hospitali siku hiyohiyo.

Ikiwa daktari amekuandikia umeze maumivu yakizidi, tumia akili ya mfanyabiashara. Jumamosi una harusi ya mtoto wa dada? Usimalize ruhusa yako Jumatano kwa kufagia uwanja. Uwanja afagie mwingine. Wewe itunze kwa ajili ya Jumamosi, ucheze nyimbo mbili, ukae ungali mshindi.

8. Prednisoloni: pokea sifa, ficha jina

Hiki ndicho kidonge kinachosifiwa mitaani bila kujulikana. Maumivu hupoa kwa siku chache, hamu ya kula hurudi, mashavu hujaa, uso huwa wa duara. Shoga zako watashangilia: "Mashallah, umenawiri! Baba watoto anakutunza." Pokea. Sema Alhamdulillah. Baba watoto naye mwache ajisifu.

Ila jina la kidonge usilitaje. Ukilitaja leo, kesho shoga yumo dukani analitafuta kwa ajili ya mashavu, na kwake yeye huenda sukari inangoja nafasi tu. Dawa hii hupandisha sukari na presha, hukondesha mifupa ikitumiwa muda mrefu, na hulegeza kinga hata kifua kikuu kilicholala kikaamka. Kama wewe au mtu wa nyumbani mwako amewahi kuugua kifua kikuu, daktari wako anapaswa kujua kabla.

Imeze asubuhi baada ya kula, maana ikimezwa usiku hufukuza usingizi. Na ukiwa umeitumia kwa wiki kadhaa, usiikate ghafla hata kama umechoka na sifa. Tezi zilizo juu ya figo huwa zimeacha kutengeneza homoni yake kwa kutegemea kidonge. Ukiondoka bila kuaga unaweza kuanguka. Hupunguzwa taratibu, kwa hesabu ya daktari.

9. Dawa za mwendo wa kobe

Zilizotangulia hutuliza. Zipo nyingine zinazouzuia ugonjwa wenyewe usile mifupa, na baridi yabisi huanza kula mapema, miezi ya mwanzoni. Hizo ndizo za kukimbilia, ingawa zenyewe hazikimbii.

Methotrekseti humezwa mara moja kwa wiki. Nasema kwa wiki. Duniani watu wamekufa kwa kuimeza kila siku wakidhani ni kama nyingine. Kwa hiyo ichagulie siku usiyoweza kuisahau: Ijumaa kwa Mwislamu, Jumapili kwa Mkristo. Izungushie duara kwenye kalenda, na pakiti nzima mkabidhi mtu akupe za siku hiyo tu. Nafuu hutokea baada ya wiki 6 hadi 12, kwa hiyo hesabu Ijumaa 12 kabla hujaitukana. Pamoja nayo utapewa asidi foliki ya kupunguza madhara. Ndiyo, ile wanayopewa wajawazito. Bwana mkubwa, meza tu, hakuna atakayekuuliza umefikisha miezi mingapi. Methotrekseti yenyewe, kinyume chake, ni mwiko kwa mjamzito, na anayepanga kupata mtoto aseme kwanza. Mnazi na pombe nyingine ziache, ini lina kazi ya kutosha. Na damu ipimwe kwa tarehe ulizopangiwa, hata ukijiona mzima.

Haidroksiklorokwini ni binamu wa klorokwini, ile iliyokuwa dawa kuu ya malaria nchini hadi mwaka 2001. Ukiwa miongoni mwa waliokuwa wakijikuna usiku kucha kila wakiimeza, mkumbushe daktari. Na uombe macho yapimwe, maana ikitumiwa miaka mingi huweza kuyadhuru.

10. Kidonge kisicho na jina

Tangawizi, habasoda, mafuta ya karafuu, kuchuliwa, kuumikwa: sikukatazi. Mkono wa mtu anayekuchua kwa upendo ni nusu ya nafuu. Nakuomba mambo mawili. Mtajie daktari unachotumia. Na ogopa unga au kidonge kisicho na jina ambacho kimekuponya kwa siku mbili.

Mizizi haina haraka hiyo. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo juu ya vidonge vilivyouzwa kama virutubisho vya viungo kwa jina la Artri King; ndani yake kulikuwa na diklofenaki na deksamethasoni, na kwenye lebo hakukuandikwa lolote. Deksamethasoni ni ukoo wa prednisoloni, yenye nguvu zaidi. Mnunuzi anashangilia tiba ya asili huku anameza hatua ya 7 na ya 8 kwa mpigo, bila kipimo. Muuzaji akikataa kusema kilichomo, mshukuru na uondoke na pesa yako.

11. Mtu usiyempiga chenga

Sasa tumefika kwa daktari. Iwe umeanzia zahanati ya mtaani, Hospitali ya Bombo au umepewa rufaa hadi Muhimbili au KCMC, dakika zako ni chache, na wataalamu waliobobea katika baridi yabisi nchini ni wachache mno. Huna dakika ya kupoteza kwa adabu. Na adabu ndiyo inayotuponza watu wa pwani. Sikiliza:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Unaendeleaje?"

"Sijambo, nashukuru Mungu."

Mwanao huyo ameshaandika kwamba unaendelea vizuri. Usiku uliopita hukulala. Hukusema uongo, uliitikia salamu kama ulivyolelewa. Basi itikia, kisha uifunge salamu kwa sauti:

"Nashukuru Mungu, mwanangu. Salamu zimekwisha, sasa ugonjwa. Nina mambo matatu."

Hapo kalamu itasimama na macho yatakutazama. Toa karatasi ya kalenda. Dakika 90 kila asubuhi kwa siku 7 ni habari ambayo daktari hawezi kuipata mahali pengine popote. Kisha taja kazi zilizokushinda: kifungo cha shati, kanga ya kukamua, mfuniko wa chupa. "Naumwa sana" husemwa na kila aliye kwenye foleni. "Siwezi kumvalisha mjukuu wangu viatu" ni yako peke yako.

Usipige chuku, hiyo tumwachie anayeumika. Ukisema kila siku ni kumi kwa kumi, dawa ikifanya kazi daktari ataijuaje? Usijikaze pia. Wapo wanaomeza vidonge viwili alfajiri ili wafike kliniki wakitembea vizuri, wakavaa mikono mirefu kufunika uvimbe. Umelipa nauli kwenda kuonyesha ugonjwa, kwa nini uuache nyumbani? Vua pete, vaa dera linalokunjika mikono. Na kwa kuwa ugonjwa huu siku ya kliniki hujificha kama mtoto aliyeona mgeni, siku unapovimba zaidi piga picha kwa simu, uende nayo.

Beba dawa zako zote ndani ya kikapu, pamoja na za shemeji na za mganga. Mchukue mjukuu anayejua kusoma na anayejua kunyamaza. Akisoma bila kunyamaza, atajibu yeye maswali yako, na daktari atatibu viungo vyake.

12. Swali la mlangoni

Kila mgonjwa ana jambo analolisema akiwa ameshashika kitasa: "Halafu daktari, kuna lile la choo..." Hilo ndilo lililompeleka. Lianzie. Kama linakutia haya, liandike kwenye karatasi na umkabidhi asome mwenyewe. Mficha uchi hazai.

Kiri dozi ulizoruka. Usipokiri, ataamini dawa imeshindwa, na atakuongezea kipimo au kukubadilishia dawa iliyokuwa sahihi. Kama uliacha kwa sababu ilikutapisha, sema ilikutapisha. Huenda ikabadilishwa saa, kipimo au aina. Madhara ya dawa pia hupokelewa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, kwa hiyo taarifa yako inaweza kumlinda na mtu wa Kigoma usiyemjua.

Pesa nayo isikutie aibu: "Daktari, mfukoni nina ya dawa moja. Nianze na ipi?" Ni swali la kitabibu kabisa. Asipoulizwa, ataandika tatu, na wewe utanunua ile ya bei nafuu, ambayo pengine ndiyo yenye umuhimu mdogo.

Kisha, kabla ya kuinuka: "Ngoja nirudie, mwanangu, nisije nikakosea." Rudia yote: ya wiki siku gani, ya kila siku saa ngapi, nafuu niitegemee lini, dalili gani ikitokea nirudi mbio. Ukikosea atakusahihisha hapohapo. Na hutaonekana mshamba. Utaonekana mgonjwa anayefaa kuhangaikiwa.

Unaona sasa kwa nini yeye hapigwi chenga. Jirani, mkeka, ndoo na mbuzi ya nazi wamekaa upande wa pili wa uwanja. Daktari amevaa jezi yako. Anakimbia pembeni amenyoosha mkono, na mpira unao wewe, kwa sababu maumivu yako wewe tu unayajua. Kuwapita wote halafu ukampiga chenga na yeye ni kujipokonya mpira mwenyewe. Mpe pasi. Kisha shika bakora yako, utembee taratibu kuelekea baharini, na atakayekutazama mwache adhani umepata cheo.